Gongo tunaliogopa, bia tunaisamehe: tuzungumze pombe inavyofanya ndani ya mwili (Kigoma na Tabora, karibuni)

Tabibu wa Mwanga (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Kila polisi wanapokamata mitambo ya gongo huku kwetu, mazungumzo yanakuwa yale yale. Kijiweni kuanzia Mwanga hadi Ujiji utasikia mtu anasema, "Gongo ndilo linaloua watu, mimi nakunywa zangu bia, imefungwa kiwandani." Nimekuwa afisa tabibu kwa miaka mingi, kwanza Tabora, sasa Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa wodi ya wanaume. Naandika kwa sababu imani hiyo inatuletea wagonjwa. Wanaolazwa na matumbo yaliyojaa maji na macho ya njano si wanywa gongo peke yao. Wamo watumishi, wenye maduka, madereva, watu ambao hawajawahi kuonja gongo tangu wazaliwe.

Kinachoharibu mwili kwenye pombe zote ni kitu kimoja: ethanoli. Iko kwenye bia, kwenye mvinyo wa harusi, kwenye urwarwa wa ndizi wa Kasulu na Buhigwe, kwenye wanzuki ya asali ya Tabora, kwenye pombe kali ya dukani na kwenye gongo. Ini likishaipokea haliulizi ilitoka kwenye chupa yenye stempu ya kodi au kwenye dumu la njano. Linaangalia ni gramu ngapi zimeingia.

Basi tuhesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za ethanoli. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, asilimia 35, kina kama gramu 55. Hizo ni bia karibu tatu. Kwa hiyo anayesema "leo nimegusa kidogo tu, kichupa kimoja" amekunywa bia tatu, na mara nyingi amezinywa kwa nusu saa, tumbo likiwa tupu. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe kali yenyewe haikuondoka, ilibadilisha kifungashio tu. Gongo halipimwi na mtu yeyote. Hata tukilikadiria kuwa na asilimia 30 tu, glasi ya robo lita ina gramu karibu 60. Na urwarwa au wanzuki nguvu yake haitulii, maana inaendelea kuchacha: uliyokunywa jana ikakuacha vizuri, kesho dumu lile lile litakuangusha.

Ini la mtu mzima husafisha takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia moja inachukua saa mbili au zaidi. Bia tano ni gramu 100, kwa hiyo aliyeanza saa mbili usiku akamaliza saa sita, saa moja asubuhi akipanda pikipiki kubeba abiria anaweza kuwa bado ana pombe kwenye damu. Kahawa, supu, maziwa, kuoga maji baridi, vyote havimharakishi. Vinampa mlevi macho makavu, ini linaendelea na mwendo wake ule ule.

Katika kuisafisha, ini huigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi. Hiyo ni sumu kweli kweli, inashambulia vinasaba vya seli, na seli iliyoharibiwa vinasaba ndiyo mwanzo wa saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Kundi hilo ndilo lenye moshi wa sigara na vumbi la asbesto. Saratani zinazohusishwa na pombe ni za kinywa, koromeo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na, kwa wanawake, matiti. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya.

Nisimame kidogo kwenye umio, yaani njia ya chakula, kwa sababu Afrika Mashariki yote, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini, ni ukanda wenye saratani hiyo kwa wingi usio wa kawaida. Sababu ni nyingi na pombe ni mojawapo. Mgonjwa wake nimemwona mara nyingi mno. Anakuja amekonda, anaweka kidole hapa katikati ya kifua na kusema, "Ugali unakwama hapa." Ukimuuliza tangu lini, anakuambia kwanza alikuwa anausindikiza kwa maji. Kisha akahamia wali. Kisha uji. Siku anayofika kwetu hata maji yanarudi. Miezi yote hiyo alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo kwa dawa za duka. Nawaomba, mtu akianza kukwamwa na ugali msimsubirishe hadi kwenye uji. Apelekwe kwenye kipimo cha kamera ya kooni mapema.

Nimeandika mengi. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

---

Heri ya Kakonko:

Mkuu nakuheshimu ila hapa tukubaliane kitu. Huwezi kuweka bia na gongo kapu moja. Kijijini kwetu kuna watu wamepofuka kwa gongo. Nitajie aliyepofuka kwa bia.

---

Tabibu wa Mwanga:

Mkuu Heri, uko sahihi, na jambo lenyewe ni zito. Linalopofusha ni methanoli, ndugu wa ethanoli. Mwili unaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inaua mshipa wa fahamu wa macho. Mililita 10 zinaweza kutosha kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumuua. Matukio ya kuua watu wengi kwa mkupuo mara nyingi hutokea pale mtu anapochanganya pombe na spiriti ya viwandani ili iongezeke na iwe kali. Mwaka 2010 wilayani Kabale, Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi, pombe kali ya huko, yenye methanoli. Mei 2014 ikawa Kenya.

Ubaya wake ni kwamba dalili hazitokei pale pale. Mtu analewa kawaida, analala, halafu saa 12 hadi 24 baadaye ndipo anaanza kuumwa kichwa na tumbo, anahema kwa kasi, anaona ukungu. Wenzake wanasema ni uchovu wa pombe, mwacheni alale. Akiona ukungu au mwanga unaofifia baada ya kunywa, hospitali saa hiyo hiyo, na waliokunywa naye wote waende hata kama hawajisikii vibaya. Matibabu yapo, ila yanakimbizana na saa.

Lakini rudi kwenye hesabu ya wodi. Aliyeuawa na methanoli anakufa ndani ya siku chache na habari inafika redioni. Anayeuawa na ethanoli anachukua miaka kumi, kumi na tano, na kwenye msiba wanasema aliugua tumbo. Huyo wa pili ndiye mwenye wenzake wengi, na anakunywa pombe yoyote ile.

---

Kijana wa Kibirizi:

Shikamoo tabibu. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Sisi kazi yetu ni ya usiku kipindi cha giza, mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Sasa kule ziwani kuanzia saa nane usiku upepo ukishuka kutoka milimani baridi inaingia kwenye mifupa. Wazee waliotufundisha kazi huwa wanabeba kitu cha kupasha mwili. Ukipiga funda mbili unasikia joto kabisa mpaka masikioni. Hiyo nayo ina madhara?

---

Tabibu wa Mwanga:

Marahaba kijana wangu. Swali lako ni zuri na nakuomba uwasomee na wenzako mtumbwini.

Joto unalolisikia ni la kweli, lakini linatoka. Pombe inapanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya moto iliyokuwa inalinda moyo, ini na ubongo inakimbilia nje, ndiyo maana masikio yanawaka, halafu upepo unaichukua. Baada ya muda mwili wa ndani umepoa kuliko wa mwenzako ambaye hakunywa, na wewe hujui kwa sababu ngozi inakudanganya. Pombe pia inazuia kutetemeka, na kutetemeka ndiko kunakozalisha joto.

Hapo sijasema habari ya mtumbwi. Unasimama juu ya mbao zilizolowa, unavuta wavu, taa zinakuwakia machoni, na kuzunguka kwako ni Ziwa Tanganyika lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Bia mbili zinatosha kuchelewesha mguu. Aliyelewa akitumbukia anameza maji kwa mshtuko, anashindwa kujua juu ni wapi, na waliomo mtumbwini nao kama wamekunywa wanachelewa kugundua kwamba wamepungua. Bebeni chai ya tangawizi kwenye chupa, koti la mvua juu ya sweta, na maboya ya kuvaa yavaliwe, yasikaliwe kama viti.

Halafu kuna hiyo mbalamwezi uliyoitaja. Wiki ya mapumziko ndiyo wengi mnakunywa mfululizo kutwa, fedha ikiwepo mfukoni. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, gramu 60 kwa mkao mmoja, yaani bia tatu, tayari ni ulevi wa kupindukia. Moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida baada ya mkupuo mmoja wa namna hiyo hata kwa kijana. Kutokunywa wiki tatu hakufuti kilichofanyika wiki ya nne.

---

Mtemi wa Cheyo:

Tabibu, nikuulize na mimi kutoka Tabora mjini. Babu yangu mzaa mama alikunywa wanzuki maisha yake yote, alifariki akiwa na miaka zaidi ya 90, meno yote kinywani. Na wataalamu wenyewe si ndio waliotuambia glasi moja ya mvinyo mwekundu inalinda moyo? Leo imekuwa sumu?

---

Tabibu wa Mwanga:

Mungu amrehemu babu. Wapo watu kama yeye, kama walivyopo waliovuta sigara miaka 60 na kufa kwa uzee. Hatari ni uwezekano. Babu alipita, lakini aliokaa nao chini ya mwembe hatuwahesabu kwa sababu hawapo wa kusimulia.

Kuhusu mvinyo, tafiti za zamani zililinganisha wanywaji wa kiasi na watu wasiokunywa, zikakuta wasiokunywa wanakufa mapema zaidi. Baadaye ikagundulika kwamba miongoni mwa hao wasiokunywa walikuwemo waliokuwa wanywaji wakaacha kwa sababu wameshaugua. Ukiwaondoa hao na ukizingatia kipato na lishe, faida kubwa iliyosemwa inanywea. Kwa upande mwingine pombe inapandisha shinikizo la damu, na shinikizo ndilo linaloleta kiharusi. Nikimpata mgonjwa wa presha ambaye dawa zimegoma, swali langu la kwanza ni anakunywa kiasi gani. Mara nyingi jibu linapatikana hapo.

---

Mama Wawili, Kasulu:

Tabibu na wote mlioko humu, habari za jioni. Nimesoma tangu mwanzo nikaona niseme la kwangu, labda litamsaidia mwanamke mwingine.

Mume wangu alikuwa mnywaji wa kila siku. Hakuwa mtu wa fujo, alifanya kazi, alileta chakula. Ila asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie, bila hivyo kikombe cha chai kinagonga kwenye meno. Mwaka juzi aliamua kuacha. Aliamua kwa moyo wake wote, akasema hadharani mbele ya watu, tukashangilia. Siku ile ile akaacha moja kwa moja.

Siku ya pili alitoka jasho mpaka shuka likalowa, akatapika. Nikasema mwili unajisafisha. Usiku wa tatu nikaamka nikamkuta amekaa kitandani anachuna chandarua. Anachuna kitu, anakiweka pembeni, anachuna tena. Nikamuuliza baba unafanya nini, akaniambia nisaidie kuwatoa hawa siafu watoto wasiumwe. Hakukuwa na hata siafu mmoja. Akaanza kuongea na marehemu kaka yake. Ndugu walipokuja wakasema hayo ni mapepo ya pombe yanatoka, aombewe, na tukaomba mpaka kunakucha. Saa moja asubuhi akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka. Ndipo jirani mmoja mwenye bajaji akasema hapana, huyu twende hospitali.

Alilazwa wiki nzima. Yupo hai. Lakini daktari aliniambia angeweza kufa, na kwamba kilichotaka kumuua ni kuacha ghafla. Mpaka leo nikiwaambia watu hawaniamini. Naomba mtuelezee.

---

Tabibu wa Mwanga:

Dada yangu, asante sana, na pole kwa usiku ule. Wakuu, kama kuna bandiko moja la kuhifadhi kwenye uzi huu ni hili la Mama Wawili.

Pombe inatuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miezi na miaka, ubongo unajirekebisha: unaongeza nguvu ya kujiamsha ili uweze kufanya kazi ndani ya pombe. Ukiiondoa ghafla, nguvu yote ile inabaki bila kizuizi. Kuanzia saa 6 baada ya funda la mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za kwanza, na wakati mwingine baadaye kidogo, inaweza kuja degedege ya mtu mzima. Siku ya pili hadi ya nne inaweza kuja hali ya kuchanganyikiwa, kuona wadudu, nyoka au watu waliokufa, joto kupanda. Hiyo hatua ya mwisho bila matibabu inaweza kuua.

Kwa hiyo anayekunywa kila siku na anayehitaji kuzimua asubuhi asiache peke yake nyumbani, hata kama nia ni njema na hata kama viongozi wa dini wamemshauri. Maombi yaendelee, lakini yafanyike akiwa karibu na matibabu.

Namwachia Daktari wa Nyikani, najua anasoma, aseme upande wa dawa.

---

Daktari wa Nyikani:

Nipo tabibu. Ni kweli tupu alichoandika mama. Hospitalini tunampa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, kwa dozi inayoshuka siku hadi siku, na vitamini B1. Hiyo vitamini ni muhimu mno. Mnywaji mkubwa hali vizuri na utumbo wake haunyonyi vizuri, kwa hiyo B1 inamwishia. Ubongo ukikosa B1 macho yanachezacheza, anatembea kama mtu aliye kwenye mtumbwi, anachanganyikiwa, na akichelewa kumbukumbu haifanyi tena kazi. Nimeona mwanaume wa miaka 45 ambaye kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani. Ndiyo maana mlevi aliyezimia hatumpi dripu ya glukosi pekee bila B1.

Jamani msinunue diazepamu mtaani mkampa mtu nyumbani. Ikichanganyika na pombe inazima pumzi.

---

Mkulima wa Urambo:

Heshima kwenu wataalamu. Huku kwetu ni tumbaku. Mwaka mzima mtu hana kitu, masoko yakifunguliwa na malipo ya chama cha msingi yakiingia, wengine wanahamia baa, sigara mkononi, chupa mkononi, mpaka hela iishe. Nilitaka kujua, hivi viwili vikienda pamoja hali inakuwaje? Maana hapa Urambo na Kaliua havitenganishwi.

---

Tabibu wa Mwanga:

Mzee wangu, vinapokwenda pamoja madhara hayajumlishwi, yanazidishwa. Pombe inalainisha ngozi laini ya kinywa, koo na umio na kuifungulia milango, na sumu za moshi zinaingia ndani zaidi kuliko zingeingia zenyewe. Anayevuta na kunywa kwa wingi ana uwezekano wa saratani ya kinywa na umio unaomzidi mbali anayefanya kimoja tu. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki tatu, sauti iliyokauka bila mafua, uvimbe shingoni: hivyo visisubiri soko lijalo.

Na kuna kifua kikuu. Mnywaji wa kupindukia ana uwezekano karibu mara tatu wa kuugua kuliko asiyekunywa. Kinga yake imeshuka, na anakaa muda mrefu kwenye vibanda visivyo na hewa.

La tatu kwa wakulima. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mama anasema hayafai kwa ugali, ndiyo yanayopelekwa kwenye pombe ya kienyeji. Ukungu ule una sumukuvu, na sumukuvu inaleta saratani ya ini. Kuchemsha hakuiondoi. Kisichofaa kuliwa kisipikiwe pombe.

---

Binti Ujiji:

Samahani tabibu, wanawake tumesahaulika. Hapa mtaani mzazi anapewa urwarwa ili maziwa yatoke. Na wajawazito wanaambiwa bia nyeusi inaongeza damu.

---

Tabibu wa Mwanga:

Hujasahaulika dada, umefanya vizuri kuuliza. Mwanamke akinywa sawa na mwanaume wa uzito ule ule, damu yake inapata pombe nyingi zaidi, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimua. Ini lake linaharibika mapema, kwa pombe ndogo zaidi. Saratani ya matiti inaongezeka hata kwa mwanamke anayekunywa kinywaji kimoja kwa siku.

Maziwa: pombe inazuia homoni ya kusukuma maziwa. Mtoto anaponyonya baada ya mama kunywa anapata maziwa kidogo, na hayo kidogo yana pombe. Kinachomsaidia mzazi ni maji, uji, chakula na kumnyonyesha mtoto mara kwa mara. Ujauzito: pombe inavuka kondo na kuingia kwa mtoto, ini lake ni changa, halina uwezo wa kuisafisha. Inaweza kumwachia ubongo mdogo, uso wenye kasoro na shida ya kujifunza shuleni kwa maisha yake yote. Hakuna mwezi wa mimba ambao pombe ni salama. Damu inaongezwa na vidonge vya madini chuma vya kliniki, mchicha, dagaa na maharage. Bia nyeusi haimo.

---

Heri ya Kakonko:

Tabibu nimekuelewa kuhusu gongo na bia. Swali fupi, dawa zipi hazipatani na pombe?

---

Tabibu wa Mwanga:

Mkuu Heri, nyingi. Zinazotuletea shida huku ni hizi. Panadoli kwa mnywaji wa kila siku, dozi ambayo kwa mwingine ni ya kawaida inaweza kumharibia ini, kwa hiyo asizimeze ovyo kutuliza kichwa cha asubuhi. Dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi, zinaelemea ini lile lile. Flajili tunakataza pombe kabisa. Dawa za usingizi na za kifafa. Dawa za kisukari, maana pombe inashusha sukari, na aliyekunywa bila kula anaweza kuzimia watu wakidhani amelewa tu.

ARV nazitenga. Watu wanaruka dozi wakisema "leo nimekunywa, siwezi kuchanganya". Ukiwa umekunywa, meza dawa yako kwa wakati wake. Kuruka dozi ndiko kunakowapa virusi nafasi ya kuzoea dawa.

---

Mama Wawili, Kasulu:

Tabibu swali la mwisho kwangu. Mume wangu tangu atoke hospitali hajarudia. Ila macho yake nayaona kama yana unjano kidogo na miguu jioni inavimba. Kuna watu wanasema amerogwa na wale aliowaacha kwenye pombe. Ini likishaguswa linapona?

---

Tabibu wa Mwanga:

Dada, mlete apimwe wiki hii, usingoje unjano uongezeke.

Ini lina hatua. Kwanza linajaa mafuta, na mtu hajisikii chochote. Akiacha pombe hatua hiyo, ndani ya wiki chache mafuta yanaondoka na ini linarudi. Pili linavimba, hapo ndipo homa, maumivu ya ubavu wa kulia na macho ya njano. Tatu linapata makovu na kusinyaa. Makovu hayafutiki yote, lakini hata aliyefika hapo akiacha kabisa anaishi muda mrefu zaidi kuliko anayeendelea, na ini lililobaki linafanya kazi kwa bidii. Kwa hiyo aliyoifanya mume wako haikuwa bure hata kidogo.

Mkifika mwombe apimwe vitu hivi: kazi ya ini, wingi wa damu, picha ya tumbo, na homa ya ini B. Hiyo B ipo sana kwetu, na ikikutana na pombe ini linakwisha haraka. Watoto siku hizi wanachanjwa wakiwa wachanga, sisi watu wazima wengi hatukuchanjwa. Akionekana hana, achanjwe, na wewe pia upime. Mwambie daktari kama alikulia kando ya ziwa akioga na kuvua, kwa sababu kichocho cha tumbo nacho kinaziba mishipa ya ini na kumfanya mtu atapike damu hata kama hajawahi kunywa pombe. Wapo wagonjwa tuliowalaumu kwa ulevi kumbe ni kichocho, na kichocho kina dawa.

Nyumbani apunguze chumvi, ale maharage, mayai na samaki kadiri anavyoweza, asipewe mizizi ya kuchemsha ya "kusafisha ini" kwa sasa. Mkiona anatapika damu, choo cheusi kama lami, au amebadilisha usiku kuwa mchana na maneno hayaeleweki, usisubiri kukuche. Mwambie yule jirani wa bajaji awe na simu yenye chaji.